Kalista Mwoga na Lori la Petroli

Kalista aliogopa kila kitu, na sisi tunaouza naye nyanya kando ya lami hapa Ilula tulimcheka waziwazi. Radi ikipiga, anajifungia ndani. Mbwa akibweka, anavuka barabara. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu, Lea, msichana mwenye mbio kutushinda sote, na alimwogopea Lea kuliko alivyojiogopea mwenyewe.

"Mama Lea, iko siku kivuli chako kitakuua," Sabina wa kibanda cha pili alimtania.

"Kwa mwoga huenda kicheko," Kalista alijibu, akiendelea kupanga nyanya zake.

Biashara yetu ni mbio. Basi halikungoji. Likipunguza mwendo tu, aliyeliona kwanza anapiga kelele, "Basi!", nasi tunanyanyua ndoo na sado zetu, yale makopo ya kupimia nyanya, tunakimbilia madirishani. Hatuulizi basi gani. Miguu inaondoka kwanza, akili inafuata.

Ndiyo maana mafunzo ya maafa yalitushinda. Sosthenes, mtaalamu wa zimamoto, alitukusanya kwenye ukumbi wa kanisa akauliza: lori la mafuta likipinduka hapa, mtafanya nini?

"Tunabeba ndoo!" Sabina akajibu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Sosthenes hakucheka. Alisema mvuke wa petroli hauonekani, unatambaa chini kwa chini ukitafuta moto, na mtu aliyelowa petroli avuliwe nguo papo hapo, hata awe nani. Sisi tulikuwa tunanusa wali wa mchana. Kalista peke yake alikuwa anatetemeka. Wakampa filimbi na koti la njano, akawa mjumbe wa kamati ya maafa, kwa kuwa hakuna mwingine aliyesikiliza.

Lori lilipinduka mchana kweupe, msimu nyanya zimejaa. Lililala ubavu chini kidogo ya vibanda vyetu, tangi limepasuka, petroli inamiminika mtaroni. Dereva alitoka anavuja damu, anapiga kelele, "Kimbieni!" Tukakimbia kweli, ila tulilikimbilia lori. Tulimwaga nyanya chini tupate ndoo tupu. Lea alikuwa wa kwanza kufika.

Kalista akapuliza filimbi. Nani amsikie? Aliona jambo ambalo sisi hatukulitazama: mtaro ule unateremka hadi kwenye jiko la mkaa la mchoma mahindi, ambaye naye ameliacha likiwaka akaja kuchota. Na Lea ameingia mtaroni, kanga imemlowa mpaka kiunoni.

"Lea! Mwanangu, toka humo!"

"Subiri, mama, ndoo moja tu!"

Kalista alituambia baadaye kwamba hapo mkojo ulimtoka. Kushuka kwenda kumvuta aliogopa, kumwacha aliogopa zaidi. Ghafla akanyakua ndoo ya nyanya, akatugeuzia mgongo, akakimbia kupanda mwinuko huku akipasua koo: "Basi! Basi limesimama huku juu! Mabasi mawili!"

Miguu yetu ikageuka. Niliitupa petroli yangu, nikaokota sado ya mtu yeyote, nikakimbia. Lea akanipita kama kawaida yake. Nyuma yangu nilimsikia Sabina akicheka: "Rudini, wajinga nyie! Naiona barabara yote, hakuna basi!"

Kweli halikuwapo. Juu tulimkuta Kalista anahema, ndoo imemdondoka.

"Basi liko wapi, mama?" Lea alifoka. "Unatuchezea?"

Mama yake alimrukia, akaanza kumvua kanga, kisha gauni, katikati ya lami, mbele ya wanaume na madereva waliosimama. Kwetu mama hamvui nguo binti mzima. Hiyo ni laana, na kila mmoja wetu anaijua. Tulipiga mayowe. Mwanamke mmoja akajaribu kumshika mkono.

"Laana iwe yangu!" Kalista alilia. "Niacheni! Ananuka petroli!"

Akazitupa nguo zile mbali, akamfunga Lea kwa kanga yake mwenyewe. Lea, kwa hasira na aibu, alitaka kumsukuma.

Hapo ndipo moto uliposhika. Mlipuko ulitutikisa kifua, na joto likatufikia kule juu, likatuchoma nyuso. Tulianguka kifudifudi juu ya nyanya. Nilipoinua kichwa, vibanda sikuviona, mtaro sikuuona, niliona moshi mweusi tu, nikaogopa hata kuhesabu tuliokuwa pale. Wote tulianza kuitana majina. Sabina hakuitika.

Lea alikuwa amemshika mama yake kiunoni kwa mikono miwili, kama mtoto.

"Mama," akasema, "Sabina alituambia hakuna basi."

"Alisema kweli, mwanangu," Kalista akajibu.