Vile wazee walisomewa game ya watu wazima sebuleni kwangu, na Beryl akiwa jikoni

Wakuu wa huku, nawasalimu wote, wenye wameamka na wenye bado wanajinyoosha.

Mimi ni nyanya. Shule niliacha darasa la nne, kwa hivyo mkiona maandishi yamepinda, pindeni shingo kidogo mtasoma. Lakini jambo lenyewe ni la kweli, na wenye walikuwepo nawataja kwa majina.

Nimeona hapa vijana mnabishana kama hizi game za watu wazima zinahitaji story. Mmoja ameandika ati nani anasoma, si unabonyeza skip unafika kwa mambo.

Huyo nilimhurumia. Ngoja nimwambie chenye skip ilileta kwa boma yangu.

Msichana wangu wa mwisho anaitwa Beryl Atieno. Ameolewa na Fredrick Ouma, mtu wa Awasi, mtoto wa marehemu Elijah Ouma, yule wa jino la dhahabu. Fred alikuwa anatengeneza kompyuta za watu mjini Kisumu. Halafu akaanza kutengeneza game. Mimi nikajua ni zile za mpira.

Siku moja nilikuwa hapa Dunga, kando ya ziwa, nageuza omena, wale samaki wadogo, kwa jua, nikaona Beryl anakuja na begi mbili.

Begi moja ni kutembea. Begi mbili ni maneno mengine.

"Fred amekupiga?"

"Hapana, Mama."

"Ako na mwingine?"

"Ako na wanne," akasema, "na wote wako kwa laptop."

Nikatafuta ndoo nikaikalia.

Akanieleza. Game ya watu wazima, wanawake wanavua nguo huko ndani, watu wa mbali wananunua. Mimi nimezaa saba, siwezi kujifanya sijui watoto wanatoka wapi. Nikamuuliza, kwani ni nguo ndiyo imekuleta?

"Si nguo, Mama. Ni vile hawaongei. Mwanaume anabisha mlango, mwanamke anasema karibu, anasema leo kuna joto, nguo zimetoka. Wote wanne. Nikamuuliza Fred, hivi ndivyo wewe unaona mwanamke? Akasema nisijali, watu hawasomi hapo, wanabonyeza skip."

Akafuta macho.

"Miaka hii yote naongea kwa ile nyumba. Kumbe na mimi ananiskip."

Wakuu, nikabeba begi moja, yeye akabeba ya pili, tukaingia ndani.

Sasa kwetu, mke akirudi kwao, mume hamfuati kwa simu. Anakuja na mzee wake, watu wanaketi, kosa linatajwa, ndipo anapewa mke au anarudi mikono mitupu. Fred akaja na mjomba wake, Mzee Zablon Otieno, anauza kamba kule Otonglo. Upande wetu nikaita shemeji yangu Mzee Japheth Owuor, ndiye msomaji wa kanisa letu.

Beryl akabaki jikoni, anaosha sufuria.

Na mimi nikaingia chumbani, nyuma ya pazia. Mama mkwe na mkwe wake hawakai uso kwa uso wakitaja mambo ya mwili. Najua wengine siku hizi mnapiga selfie na mama mkwe. Endeleeni. Mimi niko na pazia.

"Kosa ni gani?" Mzee Zablon akauliza.

Fred akasukuma laptop yake chini ya kiti.

"Kosa liko ndani ya kompyuta," Japheth akasema. "Ifunguliwe."

"Mzee, hiyo kitu si ya kufungua hapa."

"Ng'ombe wakila mahindi, si tunaenda kuona shamba? Fungua."

Wakabishana hapo, mwisho wakakubaliana picha zifunikwe na leso yangu, yabaki tu maneno pale chini. Japheth akavaa miwani, akasimama. Huyo hajui kusoma akiwa ameketi.

"Mlango unabishwa," akasoma, na ile sauti yake ya Jumapili. "Mwanamke anasema, karibu. Mwanaume anasema, asante. Mwanamke anasema, leo kuna joto."

Akasogeza uso karibu na kompyuta.

"Endelea," Mzee Zablon akasema.

"Hakuna pa kuendelea. Hapa ameandika aaah. Halafu tena aaah, lakini hii ni ndefu kidogo."

"Soma mwanamke wa pili."

Wa pili pia joto. Wa tatu ni daktari, naye anasikia joto.

"Fred," mjomba wake akamwambia, "hawa watu wanaishi ndani ya jiko?"

Mimi nyuma ya pazia sikuwa na picha ya kunidanganya. Nilikuwa na maneno tu, na maneno yenyewe hayajazi kijiko.

"Japheth," nikasema, "muulize mtoto wa wenyewe, huyo mwanamke kwao ni wapi?"

"Hana kwao, Mzee," Fred akajibu. "Ni game."

"Anaitwa nani?" Japheth akauliza.

"Mwanamke wa Kwanza."

Mzee Zablon akaona aibu, akasema watatoa mbuzi yaishe. Nikakohoa. Japheth anajua kikohozi changu.

"Mbuzi haitajibu hii," akasema. "Nenda ukaandike mwanamke mwenye mdomo. Utarudi tusome. Beryl akitoka jikoni kwa miguu yake, nenda na mke wako. Asipotoka, hizo begi zimefika nyumbani."

Mnaona vile ilikuwa. Ndoa ya kanisa, na sasa imeshikwa na game.

Mara ya pili Fred alikuja na majina. La kwanza Rose Anyango. Nikakataa. Rose Anyango ni mke wa Samwel Okoth, ana mguu mbaya, aachwe apumzike. Akasema Jenifa Adongo. Huyo anashona nguo za kwaya. Mary Akoth? Wako wawili, na mmoja ni marehemu, utamvua nguo marehemu?

Japheth akajaribu Delfina. Nikafikiria kutoka hapa hadi Awasi, sikupata Delfina. Ikapita.

Lakini sasa maneno. Japheth akasoma, "Delfina anasema, ewe mpenzi, wewe ni jua la asubuhi yangu, wewe ni asali ya moyo wangu."

Jikoni sufuria ikasuguliwa kwa nguvu.

"Sasa anaongea," Mzee Zablon akasema, "lakini ni kama tangazo la sabuni."

Fred akarudi na mjomba tu, bila mke. Beryl hakutoka hata kuwaaga, na jioni hiyo hakula. Mimi mwenyewe nikaanza kuogopa.

Mara ya tatu Fred alikuja shati haijapigwa pasi, nikachungulia kidogo tu, macho yameingia ndani. Japheth akasimama, akarekebisha leso, akasoma.

"Mvua inanyesha. Mlango unabishwa. Delfina anasema, nani? Mwanaume anasema, ni mimi. Delfina anasema, mimi ni wengi. Mwanaume anasema, ni Tom, nimeleta samaki. Delfina anasema, ya leo ama ya jana?"

"Swali nzuri," Mzee Zablon akasema.

"Anafungua mlango. Tom anasema, Delfina, mimi nimekupenda. Delfina anasema, kwanza vua viatu. Nimepiga deki."

Sufuria jikoni ikanyamaza.

"Tom anavua viatu. Soksi imetoboka. Delfina anaangalia kidole, anasema, kwani kwenu hakuna sindano?"

Wakuu, nikasikia mtoto wangu anacheka. Akatoka jikoni mikono ikidondosha maji, akasimama katikati ya wazee.

"Haikuwa soksi moja," akamwambia Fred. "Zilikuwa zote mbili."

Kumbe hiyo ndiyo siku ya kwanza Fred alienda kwa Beryl, kale kachumba Beryl alikuwa amekodisha mjini. Maneno ya Delfina ni yake Beryl, yote, hata lile swali la samaki. Fred alikuwa ameyaweka siku zote hizo.

"Si ulikuwa unaskip?" akamuuliza.

"Nilikuwa nasikia," Fred akasema. "Sikujua ni hiyo ndiyo ya kuandika."

Beryl akaenda kuleta begi.

"Na halafu?" Mzee Zablon akauliza. "Huyo Tom na Delfina."

Japheth akasoma mbele kidogo, kimya kimya. Akavua miwani. Akafunga laptop.

"Hapo ni pa wenyewe," akasema.

Wakitoka nikasikia Mzee Zablon kwa mlango anamuuliza Fred kwa sauti ndogo hiyo kitu inanunuliwa wapi.

Juzi Beryl amenipigia. Anasema kuna mnunuzi wa mbali ameandika ati amecheza jioni nzima, Delfina bado amevaa, na yeye mnunuzi hajakasirika. Anachotaka kujua ni kama ile samaki ilikuwa ya leo kweli.

Chenye nimejifunza ni hiki. Nguo hata upepo wa ziwa unaweza kutoa. Kumfanya mtu avue viatu kwanza, na wewe msomaji ungoje, hiyo ndiyo kazi ya kuandika.

Sasa nyinyi wenye mnatengeneza hizi vitu, niandikieni hapa chini, mwanamke wako kwao ni wapi, na mlango ukibishwa anasema nini. Nitasoma zote, polepole, na sina skip.

Na kama kuna Delfina humu ndani, aseme mapema.