Minyororo ya Gari la Maiti Mlimani Moteng

Saa saba mchana, Ijumaa. Chini ya Mlima Moteng jua linawaka, lami ni kavu, na dereva, Ntate Khauhelo Lepheana, amepiga magoti kwenye changarawe, anatandaza mnyororo juu ya tairi la nyuma la gari la maiti.

Ndani ya gari yumo mama aliyefariki, 'Mè 'Mapuseletso. Anatakiwa kulala usiku wake wa mwisho nyumbani kwake Mokhotlong, maana kesho alfajiri anazikwa.

"Ntate, theluji iko wapi hapa?" anauliza Tsietsi, mwana wa marehemu, aliyekuja na gari lake.

"Iko juu, inatusubiri. Na huko juu hakuna pa kupiga goti."

Lepheana, mwenye miaka hamsini na mitatu, hulipwa maloti elfu nne kwa mwezi. Glavu hujinunulia mwenyewe. Matairi ya theluji, yale ya mpira laini usiokakamaa kwa baridi, amemwomba mwajiri wake mpaka amechoka. Inasikitisha mtu wa kazi hii kubembeleza tairi.

Anasogeza gari kidogo, anashuka, anakaza tena. Hapo ndipo 'Mè 'Mamotena, mdogo wa marehemu, anapomsimamia kichwani, blanketi limefungwa kifuani.

"Hamishia mbele hivyo vyuma. Dada yangu hakuwa mfungwa. Huwezi kumpigia kelele za minyororo chini ya kichwa."

"'Mè, gari hili linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Nikifunga mbele, halipandi."

"Basi sisi hatuondoki."

Lepheana anajipangusa mikono. Safari nyingi zimemfundisha kwamba wafiwa hawashindwi kwa hoja za magurudumu.

"Tangu hospitali mmekuwa mkimweleza marehemu kila mto tunaovuka," anamwambia taratibu. "Mwelezeni na hili."

'Mamotena anagonga kioo cha nyuma.

"Dada, usishtuke. Utasikia makelele. Huyu baba amelivika gari viatu vya chuma ili ufike. Wewe ulikuwa unakoroma kuliko hayo, utavumilia."

Wafiwa wanacheka huku wanafuta machozi, na safari inaendelea.

Theluji wanaikuta kwenye kona za juu. Lepheana anakwenda mwendo wa ng'ombe, vyuma vinauma barafu. Nyuma yake, gari la Tsietsi linazunguka matairi bure, linateleza hadi ukingoni, linakwama. Hakuna aliyeumia. Wanaliacha hapo, na wote wanabanana kando ya jeneza, wanaimba.

"Kawia ufike," Lepheana anamwambia Tsietsi.

Wanafika giza limeshaingia. Moto unawaka uani na ng'ombe ameshachinjwa. 'Mè 'Mapuseletso anaingizwa chumbani kwake, mishumaa inawashwa, na mdogo wake anaketi chini pembeni yake.

Lepheana anakunywa chai nje, magoti yanamuuma. Anasema baridi ijayo atamwendea tena mwajiri, na safari hii hataki matairi mawili ya theluji, anataka manne. Akinyimwa, atauza kondoo wake ayanunue mwenyewe.

'Mamotena anatoka, anamwekea sahani ya papa, ugali wa kwao, na nyama.

"Siku yangu ikifika, uje wewe unichukue. Nisiletewe mwingine."

"Nitakuja, 'mè," anasema. "Lakini ukiweza, chagua kiangazi."