Watu Sita Chini Yangu

Aliyeniingiza ni mwalimu mwenzangu wa chekechea hapa mtaani Wabera. Alisema kuna kampuni mpya ya simu: unalipa kiingilio, unapewa laini, kisha unaingiza watu wengine chini yako. Kila wanaponunua kredi, nawe unapata fungu lako. Niliingiza sita. Wa kwanza alikuwa shangazi yangu anayeishi Kinna, mkulima wa vitunguu. Aliuza mbuzi wawili.

"Wewe ndiyo umesoma," aliniambia. "Ukisema ni kitu ya halali, mimi nakubali."

Miezi miwili laini zilifanya kazi. Halafu asubuhi moja yangu ikakataa kupiga. Nikaenda ofisini kwao, karibu na soko. Mlango ulikuwa na kufuli na bango limeng'olewa. Ukutani yalibaki matundu ya misumari tu. Mwenzangu naye hakuja kazini siku hiyo, wala kesho yake.

Hapo woga ukaniingia. Laini yangu ya zamani ikiita tu, naizima simu. Nilianza kuzungukia mtaa wa Kiwanjani nikienda shuleni, nisikutane na mama muuza maziwa, ambaye pia nilimwingiza. Darasani nilifundisha macho yakiwa langoni. Pikipiki ikisimama nje, nasahau niko kwenye herufi gani.

Alhamisi moja mchana, watoto wameshaenda nyumbani, pikipiki ikasimama kweli. Nikachungulia dirishani. Shangazi! Nikakimbilia stoo, nikajibanza kati ya magunia ya unga wa uji, mtu mzima mimi, mdomo nimeuziba kwa mtandio.

"Salaam aleikum," akaita. Nikajikunja zaidi. Akaita tena. "Mtoto wa kaka yangu, kama uko ndani, fungua. Wanawake wa kikundi chetu wananitafuta."

Nikatoka. Vumbi lilikuwa limemjaa hadi kwenye kope. Kumbe naye alikuwa ameingiza wanawake tisa wa kikundi chao, na tangu laini zife hakanyagi kwake. Alikuja kwangu ajifiche.

"Nilidhani umekuja kunishtaki," nikamwambia.

"Nikikushtaki wewe, mimi nitajificha wapi?"

Tukakaa kwenye vile viti vidogo vya watoto, tukalia wote wawili.

Jumamosi nilimrudisha Kinna. Wanawake walikuwa wameketi kwenye kivuli cha ukuta wa zahanati. Nikasimama mbele yao nikasema kampuni imekimbia, na mimi ndiye niliyeileta kwao. Nilingoja kofi. Mmoja akainuka, akaokota kanga yake, akaondoka. Mpaka leo haitikii salamu yangu.

Kisha mkubwa wao akaniuliza, polepole, "Na wale sisi tuliwaingiza, nani atawaambia?"

Nikamwambia nitawaambia mimi. Akanishika mkono, tukaanza na nyumba ya binti yake.