Rimu Mpya za Mume Wangu Zilimshusha Mama Mkwe Wake Njiani

Leo asubuhi fundi wa matairi wa Singida mjini ameniambia kwamba mume wangu alijua. "Dada, nilimweleza siku ileile namfungia. Nikamwambia, hizi ukipakia watu nyuma zitakula fenda. Akanijibu, nyuma hapandi mtu." Nilimwomba arudie. Akarudia maneno yaleyale, huku anajaza upepo kwenye tairi la mteja mwingine.

Admin, ficha jina langu. Nina miaka thelathini na saba, ni mwalimu wa shule ya msingi, tunaishi Nduguti, ndoa ina miaka kumi na mbili. Kiti cha nyuma cha gari hilo hupanda mama yangu mzazi. Ana goti bovu, anakaa Mtinko, na kila mwezi tunampitia kumpeleka kliniki Singida. Hakuna anayekikalia kiti kile mara nyingi kama yeye. Huyo ndiye "hapandi mtu".

Gari lenyewe ni saluni ya zamani tuliyoinunua wote wawili. Lilikuwa na rimu za chuma za inchi kumi na nne na halikuwahi kutulaza njiani. Shida ilianzia kazini kwake, ambako wenzake wana magari marefu. Mmoja alimwambia pale maegesho, mimi nikiwepo, "Bwana, gari lako lina miguu ya kifaranga. Lilishe kidogo." Wakacheka. Naye alicheka, lakini tulipofika nyumbani alilizunguka gari akizitazama rimu. Wiki mbili baadaye alirudi kutoka mjini na rimu za spoti za inchi kumi na saba, zinang'aa. Za zamani aliziacha kwa fundi.

Sina ugomvi na mwanaume kupendezesha gari lake. Ila leo fundi amenieleza jambo ambalo hata mimi nisiyejua magari nimelielewa: ukikuza rimu, unapunguza unene wa mpira, ili kimo cha tairi zima kibaki kilekile. Mume wangu alikataa. Alitaka rimu kubwa na mpira mnene vilevile, gari lisimame juu kama ya wenzake. Springi za nyuma ni zilezile zilizochoka. Wakikaa watu wawili nyuma, gari linabonyea na tairi linasaga fenda, lile bati la juu yake.

Siku ya kliniki tulilisikia. Nyuma alikaa mama na shangazi yangu aliyekuwa anamsindikiza. Tulipoiacha Mtinko tukafika kwenye korongo lililokata barabara, gari likashuka, tairi likasaga. Mume wangu akasimama. Akatazama kioo cha ndani, akasema, "Mama, samahani, uzito umezidi huko nyuma. Shuka utembee kidogo, tutakuchukua ng'ambo."

Shangazi akauliza, "Unamwambia nani?"

"Namwambia mama. Wewe shangazi kaa tu, wewe mwepesi."

Wasomaji wa kwetu wameshaelewa. Ninyi wengine niwaeleze: kwetu kati ya mkwe na mama mkwe kuna mpaka. Hawataniani, na mwili wa mama mkwe haumo kabisa kinywani mwa mkwe. Hasemi amenenepa, hasemi amekonda. Akiugua, mkwe huulizia hali, basi.

Mama alishika fimbo yake akavuka korongo kwa miguu, jua la saa tano, mawe yanateleza. Shangazi alishuka akabamiza mlango. Bodaboda wawili walipunguza mwendo kutazama. Mimi nilimshika mama mkono, na nilipofungua mdomo aliniwahi: "Usiseme kitu. Twende kwa daktari." Nikanyamaza. Kwa hilo najilaumu hadi leo.

Tangu siku hiyo mama hapandi gari letu. Kliniki iliyofuata hakwenda, na goti limevimba. Mume wangu huku anawaambia watu kwamba mama mwenyewe alitaka kunyoosha miguu. Shemeji yangu alinipigia simu akicheka: "Tunasikia mama mkwe siku hizi anafanya mazoezi." Nilimkatia.

Juzi nilimwambia mume wangu arudishe rimu za zamani. Akanijibu akiwa anazifuta hizo mpya kwa kitambaa, "Mama watoto, nirudi kwenye miguu ya kifaranga kwa safari moja ya mwezi? Mwambie mama yako apunguze ugali."

Ndiyo maana leo niliomba ruhusa shuleni nikaenda kwa fundi. Nilitaka kujua kama kweli mama yangu ndiye mzigo. Fundi aliniambia hata wangekaa vijana wawili wembamba, tairi lingesaga. Rimu za zamani zipo nyuma ya banda lake. Kuna mteja anazitaka, lakini fundi ameahidi kunishikia mpaka Jumatatu.

Baba mkubwa wangu ameita kikao, kwa sababu shangazi alimwambia mkwe amekosea, bila kusema kosa. Mume wangu anakwenda na hadithi yake ya kunyoosha miguu. Mama naye ameniita pembeni: "Maneno yale yasirudiwe mbele za watu. Ukiyarudia, umenishusha mara ya pili." Shangazi amefungwa kwa ombi hilohilo.

Nikisema, nimeuweka mwili wa mama yangu katikati ya kikao. Nikinyamaza, mume wangu anatoka pale akiwa mkwe mwema, na mama anabaki mkaidi aliyekataa gari. Nimefikiria pia nichukue ufunguo Ijumaa nikitoka shule, nikafunge rimu za zamani bila kumuuliza, kisha tufike kikaoni na gari lenye miguu ya kifaranga, na aulizwe yeye kwa nini rimu zimerudi.

Nipeni mawazo yenu, lakini msiniambie nivumilie. Anayetaka kuniambia hivyo akavuke kwanza lile korongo kwa goti la mama yangu. Kikao ni Jumamosi, saa nne asubuhi, Mtinko. Kliniki ni Jumanne.