Kitambaa cha Bawa la Ndege

Kibuyu kinachofukizwa kina harufu ambayo ni vigumu kumweleza mtu aliyekulia kwenye madumu ya plastiki. Ni moshi, ndiyo, lakini ni moshi uliokaa na maziwa, na chini yake kuna nta ya nyuki, na chini ya nta kuna uchungu kidogo wa kibuyu chenyewe. Nyumba ya bibi yangu kule Nambis ilinuka hivyo mwaka mzima, kwa sababu bibi alikuwa akishona vibuyu. Hakuvitengeneza, alivishona vilivyopasuka. Watu walimletea vya maziwa, vya maji na vya pombe, wengine wakitoka mbali, pande za Hanang, na yeye alikaa mlangoni asubuhi ukungu ukiwa bado haujaondoka, miguu ameinyoosha mbele, akitoboa matundu madogo pande zote mbili za ufa kwa msumari alioupasha moto. Uzi wake ulikuwa ukano wa ng'ombe alioulowesha mdomoni. Alikuwa na mshono mmoja tu, na hakuubadilisha maisha yake yote: uzi ulitoka ndani kuja nje upande huu, ukavuka ufa, ukatoka tena ndani kuja nje upande ule, hivyo hivyo mpaka mwisho, kisha akapaka nta juu. Kwenye kibuyu chenye mdomo mwembamba aliuvua uzi kutoka ndani kwa waya uliokunjwa ncha, na hapo ndipo alipotukana kidogo.

Mshono huo alifundishwa na baba yake, Tluway, ambaye mimi sikumkuta. Bibi alikuwa na hadithi moja ya baba yake ambayo hakuichoka hata siku moja. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walipofika huku kwetu, Tluway alichukuliwa kuwa mpagazi. Alibeba makasha kichwani akapita Kondoa, akateremka mpaka Rufiji, mahali ambapo bibi alipataja kana kwamba dunia inaishia pale. Huko ndiko alikoona ndege zinazokaa juu ya maji. Zilikuwa zimevalishwa mitumbwi miguuni, alisema bibi, na jua la kule lilikuwa kali kiasi kwamba gundi iliyoshika mbao zake ililainika na vitu vikaanza kuachana. Kuna siku ndege ilinguruma, ikakimbia juu ya maji, ikakimbia weee, isinyanyuke, mpaka Mzungu mmoja akaambiwa ashuke ndipo mwenzake akaweza kupaa. Hapo bibi alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Halafu ilifuata sehemu aliyoisimulia bila kucheka. Tawi la mti lilichana bawa la ndege moja. Tluway alikuwa amekaa kando akishona kibuyu chake cha maji kilichopasuka njiani, na Mzungu mmoja, fundi wa zile ndege, akasimama juu yake muda mrefu akiangalia mikono yake. Kisha akamshika mkono akampeleka kwenye bawa. Tluway alilishona mchana kutwa, kwa mshono uleule wa kibuyu, na fundi akapaka dawa yake juu. Kesho yake ile ndege iliporuka, Tluway alishindwa kula akiogopa kwamba uzi utaachia watu waanguke. Haukuachia. Fundi akampa kipande cha kitambaa kilichobaki, na Tluway akarudi nacho Nambis akiwa amekikunja ndani ya kibuyu, miguu imeliwa na funza, vidole viwili havipo.

Kitambaa hicho nimekishika kwa mikono yangu. Kilikuwa na ukubwa wa viganja viwili, rangi kama uji wa ulezi, kigumu, na ukikikunja kilitoa mlio wa jani kavu. Bibi alikitunza kwenye mkebe wa chai. Katika wajukuu wake wote alinichagua mimi, Paulina, akaniambia siku nitakayoshona kibuyu kisichovuja hata tone moja, kitambaa ni changu. Nilikuwa darasa la sita. Nilikuwa na kibuyu kidogo cha kujifunzia, na kilivuja, lakini kila wiki kilipunguza kuvuja kuliko wiki iliyopita. Nilikuwa karibu kabisa.

Mwaka huo yaliandaliwa mashindano ya chemsha bongo kati ya shule za msingi, na mada yetu ilikuwa vyombo vya usafiri. Nilichaguliwa katika timu ya watu watatu. Mwalimu wetu wa darasa, Mwalimu Amsi, alitukaririsha kutoka kwenye daftari alilonakili yeye mwenyewe miaka mingi nyuma, na mpaka leo mambo hayo yamenikaa kichwani. Kwamba ndugu wawili Wamarekani ndio waliorusha ndege ya kwanza yenye injini. Kwamba mtu wa kwanza kupaa kutoka majini kwa ndege yenye injini alikuwa Mfaransa. Kwamba mwanzoni ndege vitani zilikuwa za kuchungulia tu, na marubani wa pande mbili walipokutana angani walipigana risasi kwa bastola za mkononi. Kwamba bomu la kwanza kuangushwa kutoka kwenye ndege vitani liliangushwa kwa mkono, tena hapahapa Afrika, upande wa kaskazini. Nililipenda lile daftari kupita kiasi. Siku moja, katikati ya mazoezi, kwa kiherehere changu nikanyoosha kidole nikasema kwamba baba yake bibi yangu alishona ndege.

Darasa lilicheka hadi basi. Mwalimu Amsi hakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwa sababu alinihurumia. Akaniambia taratibu, "Ndege ni chuma, Paulina. Chuma hakishonwi." Kuanzia siku hiyo sikuwa na jina lingine shuleni. Niliitwa Mshona Ndege kisimani, mstarini, hata kanisani. Wavulana walinionyesha kaptula zao zilizochanika makalioni wakaniomba nizishone ili wapae. Leo naweza kusema yalikuwa maneno ya watoto, lakini wakati ule nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Hasira yangu yote sikuielekeza kwao. Niliielekeza kwa bibi. Niliacha kukaa naye mlangoni. Kibuyu changu kidogo nikakisukumia uvunguni mwa kitanda, na alipokiulizia nikasema nina kazi nyingi za shule. Tena niliwaambia wenzangu kwamba bibi ni mzee, amechanganyikiwa, anatia chumvi. Hilo nalo nililisema mimi.

Mashindano yalifanyika kwenye shule moja ya Maretadu. Nilimwomba bibi asije. Nilisema ni mbali, ataumwa miguu, nikijua wazi kwamba siyo miguu yake niliyoihurumia. Alikuja. Alipanda lori la maharage, akashuka na makapi kwenye kilemba, akakaa kwenye nyasi mstari wa mbele kabisa, miguu ameinyoosha kama alivyokaa mlangoni kwake. Nilimwona akiwa na fundo dogo kwenye ncha ya kitenge chake, na nikajua ndani ya fundo lile kuna nini. Mratibu wa elimu aliyeuliza maswali alitangaza sheria mapema: shule itakayosaidiwa na mtu wake kutoka kwa watazamaji itaondolewa.

Tulikuwa tunaongoza. Ndipo akasoma kadi yake: "Ndege za mwanzo zilizotumika vitani, mabawa yake yalivikwa nini?"

Nilijua. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu nimewahi kujidanganya kwamba sikuwa na uhakika. Nilijua kama ninavyojua jina langu, maana nilikuwa nimekishika. Lakini niliwaona wavulana wa shule yetu wakianza kubinyana, wakisubiri Mshona Ndege aseme, na mdomo wangu ukasema, "Bati."

"Hapana!" Ilikuwa sauti ya bibi. Alikuwa amesimama. "Hapana, mjukuu wangu, kitambaa! Baba yangu ameshona kwa mkono wake. Hiki hapa!" Akakinyanyua juu kwa mikono miwili ili watu wote waone. Uwanja mzima ukaangua kicheko, nadhani zaidi kwa ajili ya makapi ya maharage na ile lafudhi yake ya Kiiraqw, kuliko kwa lile alilosema. Mratibu akagonga meza. Akauliza huyu bibi ni wa shule gani, na nani ni mjukuu wake. Akaja mpaka kwenye meza yetu, kwa kuwa swali lilikuwa letu, akaniuliza mimi, "Unamfahamu huyu bibi?"

Mwalimu Amsi alikuwa anaangalia viatu vyake. Wenzangu wawili walikuwa wananiangalia mimi. Bibi alikuwa hatua kumi kutoka pale, mikono bado iko juu.

"Simfahamu, mwalimu," nikasema.

Mikono yake ilishuka polepole. Alifunga kile kitambaa kwenye ncha ya kitenge, akakaa chini, na safari hii aliikunja miguu yake. Mratibu akarudi mezani kwake, akageuza kadi, akasoma jibu. Kitambaa. Akacheka kidogo, akasema huyu bibi angekuwa mwanafunzi angepata alama, na watu wakacheka tena. Hatukuondolewa. Tulikosa alama ya swali lile tu, kisha mimi nikajibu lile la Mfaransa wa majini na mengine mawili, na shule yetu ikashinda. Nilipewa mkebe wa hisabati, mpya, bikari yake inang'aa. Nilipomtafuta bibi kwa macho, alikuwa ameshaondoka.

Nilimkuta mlangoni kwake kesho yake, ana kibuyu cha mtu mapajani. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali, hata fimbo, na naapa ningeshukuru. Nikasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mtoto wa watu," akajibu, bila kuinua macho. "Mmeshinda?"

Nikasema tumeshinda. Akasema vizuri. Ndivyo alivyoniitikia tangu siku hiyo, mtoto wa watu, vile tunavyomwita mtoto wa mwingine aliyepita nyumbani kusalimia. Hakulisema kwa ubaya. Alinipa uji, alinifunika nilipougua, alinisifu nilipofaulu. Lakini neno mjukuu sikulisikia tena. Mama alidhani ni utani wa bibi na mjukuu, akawa anacheka, na mimi sikumweleza.

Wiki chache baadaye mama mmoja wa Kibarbaig kutoka pande za Nangwa, kule Hanang, aliyekuwa na binti ameolewa karibu yetu, alileta kibuyu kikubwa cha maji. Hakikuwa na ufa tu, kilikuwa kimetoka kipande kizima ubavuni. Vibuyu vya namna hiyo bibi alivirudisha. Hiki alikipokea. Nilikuwa nimekaa jikoni, namwona kupitia mlango wazi. Alifungua ule mkebe wa chai, akatoa kitambaa, akakipima juu ya tundu, akakata pembe zake kwa wembe, akaanza kukishonea. Ndani kuja nje, upande huu, kisha upande ule. Ilimchukua mchana kutwa. Nilikuwa na muda wote wa kutoka na kusema, bibi, acha, hicho ni changu. Lakini ningekidai kama nani? Jioni yule mama alikijaza maji akakigeuza chini juu, hakikuvuja hata tone. Akakifunga mgongoni akaondoka nacho kuelekea Hanang.

Bibi alifariki nikiwa kidato cha pili. Sikumwomba msamaha. Kila likizo nilisema nitasema, na kila likizo nikapata sababu.

Sasa mimi ni muuguzi Katesh, nina watoto wawili, na nina simu ambayo naweza kuiuliza lolote. Niliiuliza. Miti na kitambaa, ikajibu, na kwenye joto la Rufiji gundi kweli iliachia, na ndege za majini kweli zilishindwa kupaa na mzigo. Ipo hata picha ya bawa lililochanika likashonwa, na mshono ukipita ndani kuja nje, upande huu na upande ule. Niliitazama picha hiyo zamu nzima nikijificha kwenye stoo ya dawa. Kitu kilichowahitaji wakati ule mtu mzima aliyetembea hadi Rufiji na kurudi, na binti yake aliyekisimulia maisha yake yote, mwanangu leo anakipata kabla maji ya chai hayajachemka, na hakuna anayemcheka. Mimi nilikuwa na ushahidi mkononi mwangu, nikachagua bati. Watu huniambia nilikuwa mtoto. Ni kweli. Lakini mtoto yule alipima vizuri sana nani atamgharimu nini, na ndiyo maana bado namwonea aibu.

Siku ya mnada huwa napita kwa akina mama wanaouza vibuyu vya zamani. Wamebaki wachache, na wanunuzi wao ni wageni wanaovitaka kwa mapambo. Navigeuza kimoja kimoja nikitafuta kiraka cha rangi ya uji wa ulezi. Sijakiona. Ila mwezi uliopita nilishika kimoja chenye ufa mrefu uliozibwa, na vidole vyangu vikautambua mshono kabla ya macho. Mama mwenye nacho aliniona nimekikumbatia, akaniuliza, "Vipi dada, aliyekishona unamfahamu?"

"Namfahamu," nikasema, kwa sauti kubwa mpaka watu wa meza ya pili wakageuka. "Ni bibi yangu."

Yule mama akatikisa kichwa kuonyesha amesikia, kisha akageukia mteja mwingine.