Siku Tuliyopanda Elgon na Ubao

Ilianza Jumatano ya pili ya likizo ya Agosti, saa kumi na moja na robo alfajiri, simu ya binamu yangu ilipolia chini ya mto tuliolalia wawili. Nilijua ni nani anapiga, na moyoni niliomba isiwe habari njema.

Ilikuwa njema. "Imeshuka!" binamu alinitingisha bega. "Mvua ya mawe imeshuka usiku mzima, huko juu ni nyeupe yote. Amka, mtoi." Ndivyo alivyozoea kuniita, mtoi, yaani mtoto.

Mimi ni wa Tongaren, kaunti ya Bungoma, kidato cha tatu, na likizo hiyo nilikuwa kwa shangazi yangu mjini Kitale. Binamu ni binti yake wa pekee. Amenizidi miaka minne, na haogopi kitu. Miezi michache kabla, alikuwa ameokota ubao wa ajabu kwenye soko la mitumba: mrefu kunishinda, mweusi, ncha zimepinda juu, una mikanda miwili ya kufungia viatu. Muuzaji alikuwa anapangia raba juu yake, akidhani ni meza ya kupigia pasi iliyopoteza miguu. Binamu aliutambua. Kwenye simu huwa anaangalia video za watu wa ng'ambo wanaopanda milima ya theluji kwa miguu, mbali na hoteli na mashine za kuwavuta, halafu wanateleza kurudi chini wamesimama kwenye ubao kama huo. "Theluji hatuna," alisema, "lakini mawe tunayo." Akawa anafanya mazoezi kwenye nyasi zilizolowa, akianguka na kucheka.

Aliyepiga simu ni mwanamume wa miaka thelathini hivi, anayelima viazi kwenye mteremko wa Mlima Elgon na kuwabebea mizigo wageni wanaolala kwenye mabanda karibu na lango la hifadhi. Tulimwita mpagazi. Binamu alikuwa amemwomba atuambie mawe yakilala bila kuyeyuka.

Sikutaka kwenda. Lakini mimi ni mtu wa kunyamaza. Hata darasani, mwalimu akiuliza swali ninalolijua, jibu hukwama kooni mpaka mwingine alichukue. Binamu aliponipa simu yake na kusema, "Wewe ndiyo utanichukua video," nikavaa sweta mbili na glavu za shambani. Shangazi aliambiwa tunaenda kuona mapango. Akatufungia chapati na chai ya thermosi.

Pikapu ilituacha barabara ilipoishia, tukaanza kupanda. Mpagazi aliubeba ubao kichwani kama benchi ya kanisa. Tulipita mianzi, tukatokea kwenye nyasi ndefu na ile mimea minene kama watu waliosimama bila kusema. Kichwa kilianza kunigonga. Pumzi ilikuwa haifiki chini.

"Hii mrima haiishi?" niliuliza.

Binamu akacheka mpaka akainama. "Mrima! Mtu wa Bungoma utampandisha mpaka juu na bado atakuwa kwa mrima."

"Wachana na huyo Tongaren," mpagazi akasema. "Wewe unajua kusema mlima, mbona unahema kama ng'ombe imetembea kutoka Suam?"

Nilicheka kidogo. Ndiyo mara ya mwisho nilicheka siku hiyo.

Kwenye miamba miwili mikubwa njia ya wageni inakata kushoto. Binamu akaonyesha kulia, kwenye mteremko uliokuwa kivulini. Ulikuwa mweupe kabisa, kama mahindi yaliyoanikwa kwenye turubai moja la ekari nzima.

Mpagazi alisita. "Huko wageni hawaendi. Huko chini kuna korongo."

"Si sitafika chini?"

Akaangalia juu. "Saa sita tuwe tumeshuka. Baada ya saa sita hakuna mtu anaweza kukuambia vile huu mlima utafanya."

Mara ya kwanza binamu alianguka mara tatu, akainuka na mawe kwenye nywele. Mara ya pili aliteleza kweli. Mikono wazi, magoti yamekunjwa, ubao ukikwaruza *krrr*, nami nikaona jinsi alivyokuwa mzuri, nikasahau kuangalia kioo cha simu. Kisha ukungu ukaja kutoka upande wa Uganda. Haukuja polepole. Niligeuka kuangalia miamba, nikakuta haipo.

"Basi, imetosha," mpagazi alisema.

"Moja tu, bana. Ya mwisho."

Akaruka na ubao. Tulisikia *krrr*, *krrr*, kama inapinda kulia. Halafu hatukusikia kitu.

Mpagazi alipiga mluzi. Akaita. Hakuna. Mawe mapya yakaanza kuanguka, madogo, yakinigonga masikio na kufunika alama za ubao tukiangalia. Alinikalisha kwenye jiwe. "Usitoke hapa. Nikipoteza nyinyi wawili nitaambia watu nini? Mimi natafuta hapa kulia. Wewe ukimsikia, piga kelele tu." Akazama kwenye weupe.

Nilikaa. Meno yaligongana, nikayakaza yanyamaze ili nisikie. Nilijua kama hatapatikana haraka, baridi itammaliza huko alipo.

Ndipo nikaitwa. Sauti ilitoka kushoto, nyembamba, na haikusema mtoi. Iliniita jina langu la nyumbani.

Hapa lazima nieleze. Kwetu mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo aliyekufa. Langu ni la dada yake baba, aliyefariki akiwa msichana. Watu hawaliiti ovyo. Nilipokuwa mdogo, kukhu wangu, yaani nyanya, alinikalisha jikoni akaniambia: ukiitwa hilo jina na humwoni anayekuita, nyamaza, usiitike, huyo ni mwenyewe anatafuta jina lake. Binamu hakuwahi kuniita hivyo hata siku moja.

Ikaita tena. Nilijifunga mdomo kwa mkono wangu mwenyewe, kwa nguvu, glavu ikiwa na ladha ya udongo. Nilikuwa na hakika nikitoa sauti kidogo tu, kitu kitatoka kwenye ukungu na kusimama mbele yangu kikiwa na uso wa ile picha ya marehemu iliyo sebuleni kwetu.

Mara ya tatu sauti iliongeza: "Mguu wangu."

Marehemu hana shida ya mguu. Nilijua ni binamu. Nataka kuandika hili vile lilivyokuwa: mara ya tatu nilijua. Lakini nilikuwa nimenyamaza mara mbili, na koo lilikuwa limefungwa kama darasani, na hofu haikutoka kwa sababu tu nilijua. Nilikaa. Mawe yakajaa kwenye mapaja yangu.

Mpagazi akarudi, ndevu zimelowa, macho mekundu. "Umesikia kitu?"

Nikatikisa kichwa. Hapana.

Bado alikuwa ananiangalia wakati sauti ilikuja mara ya nne, chini sana, bila jina, kilio tu. Aligeuka. "Hiyo ni nini? Ati hujasikia?" Hakungoja jibu. Alikimbia kushoto, akiita, "Nakuja! Ongea tu! Ongea!" Nami nikamfuata nikishika koti lake.

Alikuwa amekwama kwenye kichaka kwenye ukingo wa korongo. Hatua tatu zaidi na hatungemwona tena. Mguu wa kushoto ulielekea mahali mguu hauelekei, midomo ilikuwa rangi ya jivu, na mawe yalikuwa yamemfunika mpaka kiunoni. Mpagazi alimfunga juu ya ule ubao kwa kamba ya mizigo, tukamvuta mahali pa kuvuta na kumbeba mahali pa kubeba. Kila alipolia nilihesabu hatua ili nisifikirie. Chini tukakutana na wanaume wawili wa mabandani, wakampokea.

Hospitalini Kitale, kabla jua halijazama, daktari alisema mfupa umevunjika mahali pawili, na kwamba angekaa huko muda kidogo tena tungekuwa tunaongea mambo mengine. Shangazi alinishika kichwa kwa mikono miwili. "Asante kwa kukaa karibu na mtoto wangu."

Binamu akasema kwa sauti iliyokwisha, "Niliita, mama. Niliita mpaka nikachoka. Ukungu ulikula sauti."

Kila mtu akakubali kwamba ukungu hufanya hivyo. Hata mpagazi, ambaye aliniangalia kidogo, kisha akaangalia viatu vyake.

Asubuhi iliyofuata niliamka saa kumi na mbili, nikapika uji wa wimbi, nikautia kwenye thermosi na kutembea mpaka hospitali. Shangazi alikuwa ametoka kwenda kuongea na nesi. Binamu alikuwa macho, mguu umeinuliwa.

"Dada, nilikusikia," nikasema.

"Ulisikia nini?"

"Ukiita. Nilisikia zote."

Alinikazia macho. "Si ulimwambia yule hujasikia?"

"Nilidanganya. Uliniita na lile jina. Nikadhani ni marehemu."

"Nilidhani nakufa. Ulitaka nikuite mtoi?" Midomo yake ilikuwa imepasuka. Niliona anataka kuniachilia, kwamba akingoja kidogo tu atasema ni sawa. Kwa hivyo nikasema haraka:

"Mara ya tatu nilijua ni wewe. Uliposema mguu. Nilijua na nikanyamaza."

Nje, mtu alikuwa akiburuta ndoo sakafuni. Binamu aligeuza uso ukutani.

"Mama anajua?"

"Bado."

"Mwambie. Mimi sitakusemea."

Nilimimina uji kwenye kikombe, nikauweka mahali mkono wake ungefika, nikatoka. Shangazi alikuwa kwenye korido, ameshika karatasi ya dawa, nesi akimwelekeza. Nilisimama kando mpaka nesi akaondoka. Kisha nikamwamkia shangazi, nikamwambia yote kwa sauti ya kusikika, kuanzia uongo wa mapango mpaka ile mara ya tatu.