Nesi wa Dar Katika Duka la Suruali

Nichekeni tu, maana hata mimi nimeshajicheka. Mwezi uliopita nilikwenda Guangzhou kununua nguo, nikamkuta mwenye duka kalala chali juu ya marobota, mdomo wazi. Nilipomkimbilia, mlinzi akanizuia. Nikamwonyesha leseni yangu ya uuguzi ya Tanzania.

"Anasema huku haitambuliki," akanitafsiria rafiki yangu Mwanaidi.

"Kwani moyo wa Mchina uko mguuni?" nikafoka. Nikampita mlinzi na, bila hata kupima mapigo, nikaanza kumkandamiza kifua mgonjwa wangu.

Aliruka huku akipiga yowe. Wateja wakaangua kicheko.

"Dada," Mwanaidi akasema akijifuta machozi, "alikuwa amejipumzisha baada ya chakula. Anauliza, suruali unachukua dazeni ngapi?"